Mukuba anakula bukari kwa mkono gani?

Wadogo zangu mnaokuja Jumamosi na madaftari mapya kujifunza kuchora hadithi za picha, kila mmoja wenu amekuja na mtu wake wa ajabu. Huyu ana vichwa viwili, yule ana mkia, mwingine macho yake yanatoa moto. Nikiuliza mkia wa nini, jibu ni lile lile: "Ni alama, yaya," yaani dada au kaka mkubwa. Alama ya nini? Kimya. Mtu anaangalia kreyo yake kana kwamba ndiyo itajibu. Siwacheki. Mimi nilikaa na ukimya huo miaka mingi hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na nilichora vitabu viwili vizima kabla sijajua kwamba swali lenyewe nililiuliza vibaya.

Mtu wangu wa kwanza kupata wasomaji aliitwa Mukuba, yaani shaba. Alikuwa kijana wa mchimbaji, na mikono yake ilikuwa ya kijani tangu kucha hadi viwiko. Nilidhani mtu yeyote wa Lubumbashi ataelewa mara moja: malakiti ni jiwe la kijani, baba analichimba, mtoto anazaliwa na rangi ya kazi ya baba yake. Nikampaka kwa rangi ya maji, nikamfanya mikono iwe inang'aa usiku, nikaridhika sana na nafsi yangu. Kisha nikapeleka kurasa kwenye fotokopi.

Fotokopi za mtaani mnazijua. Kijani kikawa kijivu, kijivu kikawa matope. Msomaji mmoja akadhani Mukuba amevaa glovu. Mwingine akaniuliza gereji anayofanyia kazi iko wapi, maana alimwona ana mikono ya fundi aliyetoka chini ya gari. Nilikasirika, lakini walikuwa na haki. Maana yote nilikuwa nimeiweka kwenye rangi, na rangi sikuwa na pesa ya kuichapisha.

Ikabidi nirudi kwenye jiwe lenyewe. Malakiti likikatwa na kusuguliwa linaonyesha duara ndani ya duara, mistari iliyokoza na iliyofifia, kama shina la mti lililopigwa msumeno. Mistari hiyo hakuna fotokopi inayoweza kuiua. Tangu siku ile Mukuba ana duara za jiwe mikononi, ndogo kwenye vidole, pana kwenye kiganja. Na kwa kuchora duara moja moja, usiku baada ya usiku, nikaanza kufikiri mambo ambayo rangi ya maji ilikuwa imenificha. Jiwe la kijani ndilo linalotoa shaba nyekundu. Wahunzi wa zamani wa Katanga, wale walioitwa "walaji wa shaba", walijua kusoma kijani juu ya ardhi na kutafuta wekundu chini yake. Kumbe mtoto wangu anaonekana rangi moja na ndani ana nyingine! Hilo sikulipanga.

Lakini hata hapo Mukuba alikuwa bado sanamu. Aliyempa uhai ni msichana wa darasa la tano, mtoto wa jirani, aliyesoma kurasa nne akasimama na kuniuliza: "Yaya, Mukuba anakula bukari na ile mikono?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kulala sina jibu. Asubuhi nikachora kisanduku kimoja: sahani kubwa katikati, bukari, yaani ugali, nyeupe inatoa mvuke, samaki wadogo wa kukaanga pembeni, mikono mitano imeshaingia. Mkono wa sita, wenye duara, umesimama hewani. Hakuna anayesema neno. Katika kisanduku kinachofuata mikono minne imetoka sahanini, umebaki mmoja tu, wa dada yake mdogo, anaendelea kumega kama kawaida. Kisanduku cha tatu: mama anamletea Mukuba kijiko.

Kijiko kile kiliniandikia kitabu kizima. Nyumbani kwao kijiko ni cha mgeni, au cha bosi, au cha mgonjwa, na yeye ni yupi kati ya hao? Sikuhitaji tena mikono ing'ae usiku, nikaufuta mwanga wote. Kwa hiyo nikiwauliza siku hizi, siulizi tena alama ya nini. Nauliza anakulaje, anavaaje viatu, akipanda basi la abiria la kwenda Kenya, mtaa wa hapa mjini, nani anasogea na nani anabaki amekaa karibu naye. Mwenye vichwa viwili analala upande gani? Fundi anamkata shati wapi, na anamtoza bei ya shati moja au ya mbili? Ukiyajibu hayo kwa penseli, maana itakuja yenyewe, na mara nyingi itakuwa si ile uliyoileta.

Wenye asili ya Kiluba miongoni mwenu mna shule hii nyumbani, waulizeni bankambo, babu na bibi zenu. Katika hadithi ya mwanzo wa ufalme kuna Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mlevi na mkatili, ambaye jina lake ni la nyoka wa upinde wa mvua. Kuna Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, mweusi wa kung'aa. Sasa angalieni wazee walivyofanya kazi. Hawakuishia kusema huyu mwekundu na yule mweusi. Upinde, kwa Waluba, ndio unaozuia mvua, kwa hiyo wekundu wa Nkongolo ni ukame unaotembea kwa miguu miwili. Na weusi wa Mbidi unakuja pamoja na adabu zake: hali chakula mbele ya watu. Nkongolo anakula na kunywa hadharani, mgeni anataka kujificha ndipo ale, na mwenyeji anashangaa. Chakula tena! Mimi na kijiko changu nilidhani nimevumbua kitu.

Angalieni pia kwamba aliyepewa uzuri na ustaarabu ni mweusi wa kung'aa. Nasema hivi kwa sababu robo tatu ya majambazi mnaoniletea ni weusi tii na mashujaa wenu wana rangi ya chai ya maziwa. Hamkuyatoa kwa bankambo hayo. Mmeyatoa kwenye televisheni.

Mwalimu mwingine ni mamba muntu, yaani mamba-mtu. Miaka ya 1970 picha yake ilitundikwa sebuleni katika nyumba nyingi za mji huu, imechorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga. Jina linasema mamba, picha inaonyesha mkia wa samaki, na hakuna aliyelalamika. Juu ya mkia ni mwanamke mweupe mwenye nywele ndefu, nyoka yuko karibu naye, na mara nyingi mkononi ana saa. Anatoa utajiri, anadai siri, na deni lake linaweza kulipwa kwa mtu wa ukoo wako. Mimi saa ile ndiyo inayonitisha kuliko nyoka. Mkia peke yake ungekuwa pambo la mtoni. Mkia ukiwa na saa, tayari unajua huyu anatoka upande wa mishahara, wa king'ora cha kiwanda, wa watu wanaohesabu dakika za wenzao. Wachoraji wale walijua kwamba kitu cha ajabu kinasomeka kikikaa kando ya kitu cha kawaida. Mkichora joka, mpeni joka wenu ndoo ya maji.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sipendi kulisimulia.

Katika kitabu cha pili nilitaka mchawi. Nikampa jicho moja jeupe, nikamwita Chokaa. Nilijisifu kwamba ni alama nzito: jicho lisiloona nje linaona ndani, linaona siri za watu. Nakala zikazunguka mtaani, watoto wakampenda Chokaa kwa ile hofu tamu ya watoto. Baada ya wiki mbili hivi nikapita njia ninayopita kila siku, pale anapouza makala, yaani mkaa, nkambo mmoja, bibi kizee ambaye mtoto wa jicho amemfunika jicho la kushoto. Watoto watatu walikuwa upande wa pili wa barabara wanapiga kelele: "Chokaa! Chokaa!" Kisha wanakimbia, kisha wanarudi.

Hapa kwetu bibi kizee anaweza kuitwa mchawi kwa jambo dogo kuliko hilo, na jina hilo likishaitwa haliitwi kurudi. Nilifukuza watoto, nikachuchumaa mbele ya vifungu vyake vya makala, nikamwambia kosa ni langu. Alikuwa ameshajua. Akapanga makala yake kwanza, kifungu hadi kifungu, mimi nangoja. Kisha akasema: "Hii jicho njo uliona, mwana. Na ile ingine? Ile njo ilikuwa inakulinda pa hii njia wakati ulikuwa mutoto."

Nakala zilizobaki nilizichoma. Zile zilizokwisha kwenda sikuweza kuzirudisha, na jina lile lilimfuata nkambo kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka kuhesabu.

Mtoto wa jicho ni ukungu ndani ya lenzi ya jicho, daktari anaweza kuutoa kwa upasuaji. Hauoni siri ya mtu. Mguu uliokonda kwa polio hausemi chochote juu ya moyo wa mwenye mguu. Ualbino ni mwili kukosa rangi ya kutosha katika ngozi, nywele na macho, jambo analorithi mtoto kutoka kwa baba na mama wote wawili, na watu wamedhuriwa kwa sababu wengine waliwageuza kuwa alama ya bahati. Hapa sina ushauri wa pande mbili: mwili ambao mtu halisi anao mtaani msiupe uchawi, wala laana, wala bahati. Mchoreni kiwete, ndiyo, na awe shujaa au mwizi, lakini uwizi wake utoke kwingine. Kama mnataka mwili wa kubeba maana, tungeni mwili ambao hakuna mtoto ataukuta njiani akautupia jina. Mikono ya jiwe hakuna aliyenayo. Nilichunguza.

Mambo madogo ya kazi, haraka haraka. Jazeni umbo lote la mtu wenu kwa wino mweusi: kama hatambuliki kwa kivuli chake, ajabu yake iko kwenye maelezo, haiko mwilini. Ajabu moja inatosha, aliye na mkia na pembe na jicho la tatu hakumbukwi kwa lolote. Msieleze maana ndani ya kiputo cha maneno. Na msomeshe kurasa mtoto kabla ya mtu mzima, maana mtu mzima atakusifu.

Kuna binti kati yenu ameniletea msichana mwenye kivuli kinachotangulia mwili wake hata jua likiwa mbele. Nilimuuliza wenzake wakicheza kidali sokoni jioni, nani anapigwa na mpira, yeye au kivuli. Ameondoka na daftari, hajarudi Jumamosi mbili. Dada yake anasema anachora.