Kwa nini vijiwe vya kufua mazulia Dar havidumu

Mkuu, umeuliza kwa nini ofisi ndogo za kufua mazulia hapa Dar zinafunguliwa kwa mbwembwe, halafu baada ya miezi kadhaa fremu ina mpangaji mwingine. Umeuliza pia kama milioni 3 yako inatosha ukinunua mashine ya presha na vacuum. Waliotangulia wamesema ushindani na matangazo. Sikatai, ila wengi wanaofunga walikuwa na wateja. Kilichowaua ni maji yanayobaki ndani ya zulia baada ya kufua.

Kufua kila mtu anaweza, hata kijana wa car wash anafua. Mteja analipia zulia kavu lisilonuka, na hapo ndipo kazi ilipo. Chukua zulia la manyoya la futi 5 kwa 8. Lipime kwa mzani wa kuning'iniza kabla ya kufua, lipime tena likitoka kwenye maji. Kila kilo iliyoongezeka ni lita moja ya maji, na usishangae ukikuta zaidi ya lita 20. Sasa maji hayo yote unayaachia jua. Januari jua litayamaliza. Aprili hewa yenyewe imeloa, na zulia lisipokauka ndani ya siku moja hadi mbili linaanza kunuka uvundo. Likishanuka hivyo, kulipulizia manukato ni kujidanganya, maana mteja akilitandika na kufunga madirisha harufu inarudi.

Piga hesabu ya nafasi. Una mabomba ya kuanikia mazulia 10. Likikauka kwa siku 2, uwezo wako ni mazulia 5 kwa siku. Mvua ikinyesha yakachukua siku 5, uwezo umeshuka hadi 2 kwa siku, na simu haziachi kuita. Ubaya wa Dar ni kwamba msimu wa kazi na msimu wa mvua vinagongana: watu wanafuliwa kujiandaa na Krismasi wakati vuli haijaisha, na miaka hii Idi el-Fitri imeangukia masika. Mwenye ofisi anaona neema, anapokea mazulia 8 kwa siku, yale mabichi anayakunja na kuyapanga ukutani yasubiri nafasi. Yanaoza hapo hapo. Yanarudishwa na wateja, anayafua upya bure, na yakifuliwa upya yanachukua mabomba ya wateja wanaolipa. Ukifika hapo kutoka ni shida.

Kwa hiyo oda zipokelewe kwa idadi ya mabomba, si kwa idadi ya simu. Na fedha yako ya kwanza iende kwenye kukamua kabla ya presha. Ile mashine ya silinda inayozungusha zulia lililoviringishwa ndiyo mkombozi, ila kwa milioni 3 usiitegemee. Mbadala wake ni jukwaa la mteremko, la zege au mbao, skwiza ya kusukumia maji kufuata ulalo wa manyoya, kisha vacuum ya maji ikinyonya polepole, mistari ikipandana, mara tatu au nne hadi bomba la vacuum lisionyeshe maji yakipita. Baada ya hapo liache kwenye mteremko lichuruzike, ndipo ulitundike. Ukilitundika likiwa linamwaga maji, rangi na uchafu vinashuka vyote kwenye ukingo wa chini na kuacha mstari. Mgongo wa zulia uelekee jua, manyoya yasipauke. Kila baada ya saa chache badilisha sehemu iliyokaa juu ya bomba, maana hapo kwenye kunjo ndipo panapobaki pabichi. Kabla ya kulifunga kwenye nailoni, bonyeza tishu kwa nguvu mgongoni, hapo kwenye kunjo na kwenye pembe. Ikipata unyevu, bado.

Mvua ikikulazimisha kuanika ndani, feni kwenye chumba kilichofungwa haisaidii kitu. Maji yanatoka kwenye zulia yanaingia hewani, hewa inashiba, mambo yanasimama. Weka feni ya kupuliza chini kufuata urefu wa zulia, na nyingine dirishani ikitoa hewa nje.

Sasa fedha. Mfano tu, weka namba zako: unatoza 20,000 kwa zulia. Bajaji kwenda kuchukua na kurudisha 10,000, vibarua wawili 4,000, maji 2,000, sabuni 1,000, umeme 500. Kimebaki 2,500. Kama eneo unalipia 200,000 kwa mwezi, mazulia 80 yanaishia kwa mwenye nyumba. Ukikusanya manne kutoka mtaa mmoja kwa kirikuu kwa ile ile 10,000, kila zulia limebeba 2,500 ya usafiri, unabaki na 10,000, na kodi inaisha kwa mazulia 20. Ndiyo maana "tunakuja popote ulipo" ni tangazo la kufilisika. Panga Jumatatu Mbezi, Jumatano Tabata, wa Kigamboni asubiri siku ya Kigamboni.

Kwenye hesabu hiyo hiyo, ukiharibu zulia la 250,000 umefua mazulia 100 bure. Mengi huharibika kwa mambo matatu. La kwanza ni jiki kwenye sufu: jiki inaila sufu, haiing'arishi. Kama hujui zulia ni la nini, ng'oa uzi mmoja pembeni uuchome. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inaacha majivu yanayosagika. Polyester inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. La pili ni rangi kuhama. Lowesha kitambaa cheupe kwa maji yako ya sabuni, kikandamize dakika moja kwenye kila rangi, anza na nyekundu na bluu iliyoiva. Kikipata rangi, usililoweke. La tatu ni presha. Pua nyembamba ikisogezwa karibu inang'oa manyoya na kuachanisha gundi ya mgongo. Tumia pua ya feni, ile inayotawanya maji kwa upana, isipungue sentimita 30 kutoka kwenye zulia.

Madoa ya kahawia yanayojitokeza zulia likiwa linakauka si uchafu uliosahau. Mara nyingi ni rangi ya juti (nyuzi kama za gunia) ya mgongoni iliyopanda na maji kwa sababu zulia lilikaa bichi muda mrefu au sabuni ilikuwa kali. Pulizia siki nyeupe iliyochanganywa na maji, siki 1 kwa maji 4, futa, kausha haraka. Jaribu pembeni kwanza.

Sabuni nayo inafukuza wateja kimya kimya. Vijana wanapenda povu. Sabuni ya unga isiyosuuzwa inabaki kwenye nyuzi na kushika vumbi, na baada ya wiki mbili njia ya kupita imekuwa nyeusi. Mteja halalamiki, anahama tu. Kung'uta na kuvuta vumbi zulia likiwa kavu, mbele na nyuma, ndiko kunakotoa mchanga. Ukiruka hatua hiyo unafua tope. Kisha sabuni ya maji isiyo kali, kama mililita 50 kwa ndoo ya lita 10, na suuza hadi maji yasiteleze vidoleni. Kama kisima chako kina chumvi, na visima vingi vya Dar vinayo, suuza ya mwisho iwe ya maji ya bomba la DAWASA, la sivyo manyoya yanakauka magumu.

Povu hilo hilo ndilo linaloua vacuum. Boya la ndani linazuia maji, povu linalipita hadi kwenye mota. Ukisikia sauti imepanda ghafla, zima, mwaga tangi.

Na wakati wa kupokea: picha nne mbele ya mteja, madoa na matundu yaandikwe, namba ishonwe kwenye pembe kwa uzi. Karatasi iliyobandikwa itabanduka kwenye maji. Chukua nusu ya malipo hapo hapo, kwa sababu zulia kavu lisilofuatwa linakula nafasi, na kuna wateja watakaokuachia mpaka wahame nyumba.