Marehemu wa Shoroon Bumbagar hakuwa lazima awe Mchina

Umeuliza kama kaburi la Shoroon Bumbagar, lililochimbwa mwaka 2011 katika jimbo la Bulgan nchini Mongolia, ni la ofisa Mchina, kwa kuwa lina njia ya mteremko yenye urefu wa mita 42 hivi na kuta zilizochorwa joka na simbamarara mithili ya makaburi ya wakubwa wa Tang, nasaba iliyotawala China wakati huo. Kwa maoni yangu, umbo la kaburi peke yake halitoshi kutuambia asili ya aliyezikwa.

Tazama kaburi jirani la Shoroon Dov, lililofunguliwa mwaka 2009: ndani yake mlikuwa na jiwe lenye wasifu wa marehemu kwa Kichina, nalo linamtaja Pugu Yitu, aliyefariki mwaka 678, chifu wa kabila la Pugu miongoni mwa Watiele waliosema Kituruki. Tang, baada ya kuwashinda Waturuki wa Mashariki mwaka 630, waliwaacha machifu wa nyika juu ya watu wao wenyewe na kuwapa vyeo vya ukamanda vya kurithiwa. Mazishi ya heshima yalikuwa sehemu ya mapatano hayo.

Huko Shoroon Bumbagar, tena, mifupa ilikuwa imechomwa na kuhifadhiwa ndani ya sanduku, pamoja na vipande vya dhahabu vilivyoiga sarafu za Bizanti, yaani Dola ya Rumi ya Mashariki. Uchomaji huo unafanana zaidi na desturi ambayo Wachina wenyewe waliwaandika Waturuki kuwa nayo.