Usitoe hela ya hayo magurudumu! "26" siyo kipimo

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema una fremu kuukuu ya chuma ya baiskeli ya mjini, breki za kubana rimu, matairi yaliyopasuka yameandikwa 26 × 1⅜, rimu zimeliwa na kutu. Sasa kuna mtu anakuuzia magurudumu ya baiskeli ya milimani, yenye matairi ya 26 × 1.75, kwa sababu "nayo ni 26, yanaingia tu".

Hiyo "yanaingia tu" naijua. Ilinila akiba yote.

Na kweli yanaingia, hapo ndipo penye mtego. La mbele lilikaa kwenye uma bila ubishi. La nyuma nilipanua fremu kidogo kwa mikono, nalo likakaa. Nikalizungusha, halikugusa popote, nikapiga mluzi. Nikafunga breki, nikabana. Raba zikashika tairi. Siyo rimu: tairi, ubavuni kabisa. Nikalegeza nati, nikashusha raba mpaka mwisho wa tundu. Bado. Nikachukua tupa nikarefusha tundu zenyewe kwenye mikono ya breki (msinicheke, nilikuwa nimeshaaminishwa kwamba kinachogoma ni breki). Nikapata kama milimita nne. Nilikuwa nahitaji kumi na tano na nusu.

Siku ya tatu nashuka kimteremko, raba ikamaliza kulichana tairi. Tyubu ikachungulia pembeni kama kitambi kilichoshinda kifungo cha shati, halafu paa! Nilisimama kwa soli za viatu. Viatu navyo viingie kwenye hesabu ya hasara.

Nikamrudia fundi aliyeniuzia. Akaniambia ninunue breki za mikono mirefu. Nikanunua. Hazikufika. Nikarudi tena, akasema kwa utulivu mkubwa kwamba tatizo ni fremu. Yule bwana anaweza kukuuzia viatu viwili vya kushoto kisha akalaumu mguu wako wa kulia. Miaka yote hiyo anashika magurudumu na hajawahi kugeuza tairi akasoma ubavuni!

Sikiliza sasa. Hiyo 26 ni kimo cha tairi likiwa limejaa upepo, tena kwa kukadiria. Haisemi lolote kuhusu rimu. Soma namba nyingine, ile yenye kistari. Tairi lako la 26 × 1⅜ litakuwa na 37-590. La huyo muuzaji la 26 × 1.75 litakuwa na 47-559. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Jumlisha unene mara mbili: 590 na 74 ni 664, 559 na 94 ni 653. Tofauti milimita 11, jicho halioni kitu. Lakini rimu zimepishana 31, yaani 15.5 kila upande, na breki inakaa kwenye rimu, haikai kwenye jicho lako.

Ujinga wa inchi hauishii hapo. Shuleni 1.75 na 1¾ ni kitu kimoja. Kwenye matairi, 26 × 1.75 ni 559 na 26 × 1¾ ni 571, na halivai rimu ya mwenzake. Rimu ya "27" ni 630, wakati ya "28" nyingi za siku hizi ni 622. Ishirini na saba kubwa kuliko ishirini na nane! Ukimpata aliyebuni haya niitie, nina spoku za kumchoma nazo.

Ndiyo, spoku. Mwishoni niliokota rimu mbili za 590 kwenye chuma chakavu, nzima kabisa, nikajua nitahamisha habu (kile kitovu cha gurudumu) na spoku zile zile. Spoku fupi. Rimu kubwa inataka spoku ndefu, hilo hata sikuliwaza. Rimu ya tundu 36, mara mbili, spoku 72, karibu mpya, ziko kwenye kopo mpaka leo. Huwa nazibulia sinki.

Kitakachokuokoa na 559 kwenye fremu hiyo ni breki iliyo ndani ya habu, maana haijali rimu ina ukubwa gani. Wewe umesema za kubana rimu, kwa hiyo hapana.

Kama maandishi yamefutika, chukua rula. Pima kutoka katikati ya pale ekseli inapokaa mpaka katikati ya raba, kwanza raba ikiwa juu ya tundu, kisha ikiwa chini. Ukipata milimita 295 (nusu ya 590) au karibu yake katikati ya vipimo hivyo viwili, fremu yako inataka 590. Kwa 559 ingebidi raba ishuke mpaka karibu 280.

Uliuliza pia gia ngapi na rangi gani, na kuna la mnyororo sikulielewa vizuri. Rangi paka unayotaka. Gia tutaongea ukishakuwa na kitu kinachosimama. Kwa sasa chukua kitambaa na maji, sugua ubavu wa hilo tairi lililopasuka, halafu niandikie hapa hizo tarakimu tano kabla huyo jamaa hajakupigia tena.