Jibu: Chembe inayotembea na nanomita 6.5 zako

Ndugu, umeuliza kwa nini, unapotafuta mahali ilipo molekuli moja moja kwa hadubini, molekuli zilizoganda kwenye kioo zinakupa usahihi wa nanomita 6.5, ila zinazotembea kwenye utando wa seli hazifiki hapo ingawa fotoni (vipande vidogo kabisa vya mwanga) kwa kila molekuli ni zilezile 400.

Fomula uliyotumia, upana wa doa la mwanga la molekuli kwenye picha kugawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni, inachukulia kwamba chembe imetulia. Ikitembea wakati kamera inakusanya mwanga, fotoni zinatoka sehemu tofauti na doa linatanuka. Likuze uone: mara nyingi si duara tena, limerefuka kama punje ya mchele.

Piga hesabu. Upana wako ni nanomita 130. Kasi ya mtawanyiko (jinsi molekuli inavyotangatanga) ya mikromita mraba 1 kwa sekunde, mara milisekunde 50 za picha moja, ni nanomita mraba 50,000. Gawanya kwa 16,900 (mraba wa 130), jumlisha 1, tafuta kipeuo cha pili: karibu 2. Zidisha kwa 6.5: kosa limefika nanomita 13.

Ukifupisha muda wa picha peke yake utapoteza fotoni. Mimi huwasha leza milisekunde 2 tu ndani ya kila picha, nguvu ikiwa juu, mradi rangi inayong'aa kwenye molekuli haiungui. Fotoni zikibaki 400, unarudi karibu 6.9.

Na tafadhali, grafu ya wastani wa mraba wa umbali (molekuli imesogea kiasi gani kadiri muda unavyopita) ikikata mhimili chini ya sifuri, usifute data! Ni ukungu huohuo wa mwendo.