Mleta uzi, usimtumie hela huyo jamaa wa akaunti tano

Mkuu, umeuliza kama michezo ya mtandaoni iruhusu mtu mmoja kuendesha akaunti nyingi kwa mpigo, halafu huko chini ukachomekea kwamba kuna jamaa hapo Mwanga anakuuzia akaunti tano zenye levo kubwa, pamoja na programu ya kufanya ukibofya mara moja madirisha yote yatii. Umeshalipa? Kama bado, rudisha simu mfukoni.

Hilo la kuruhusu au kukataza kila mchezo una msimamo wake. Pokémon GO wanataka mtu mmoja akaunti moja, basi. EVE Online ruksa akaunti nyingi mradi unazilipia. Za bure huwezi kuchezesha mbili kwa wakati mmoja. World of Warcraft nao ruksa. Ila hiyo programu unayouziwa EVE waliipiga marufuku tangu Januari 2015, na Blizzard, kampuni yenye World of Warcraft, wakafanya hivyo Novemba 2020. Huyo jamaa hilo amekuambia? Hawezi, atauza nini?

Aliyeniuzia mimi akaunti tano na programu kama hiyo (mchezo siutaji, na yeye simtaji, ingawa anajijua na humu anapita) aliapa kwamba "hawaioni hii kaka, kwao ni kibodi tu." Kibodi! Seva inaona wahusika watano wanageuka pamoja, wanaruka pamoja, wanakata mti uleule sekunde ileile, usiku kucha, kutoka kwenye intaneti moja. Bibi yangu wa Ujiji na mtoto wa jicho wake angeshtuka.

Asubuhi nawasha kompyuta, dirisha la kwanza: akaunti imefungwa moja kwa moja. La pili hivyohivyo. Mpaka la tano nilishakaa chini. Nikajipa moyo, si za kununua hizo, ile yangu ya tangu chuo ipo. Naingiza nenosiri, nayo imefungwa! Kumbe kila jioni nilikuwa nahamishia dhahabu yote ya mchezoni kwenye hiyo akaunti yangu, na wenye mchezo wakaifuata dhahabu mpaka ilipoishia.

Nikakata rufaa. Wakaniuliza barua pepe iliyotumika kuzifungua hizo tano, na zilifunguliwa lini. Nitajua wapi? Nampigia bwana mkubwa, simu inaita weee, hapokei. Nikamfuata kijiweni, ananiambia biashara ni kupata na kukosa, huku anakunywa soda, na nina hakika niliilipia mimi. Hela yenyewe nilikopa kwa dada, ya mzigo wake wa dagaa kule Kibirizi. Mpaka leo akipakua ugali anauliza kama jeshi langu limeshakula, au nalo limefungiwa. Nacheka naye, ningefanyaje.

Kwa hiyo shika hili, mengine yote sahau: akaunti ambayo hukuifungua mwenyewe, kwa barua pepe yako na laini yako, usiiwashe kwenye kompyuta moja na ile unayoipenda, na usipokee hata senti ya dhahabu kutoka kwake. Aliyeifungua anaweza kubonyeza "nimesahau nenosiri" siku yoyote akaichukua, na ukienda kulalamika utaonekana wewe ndiye mwizi. Unataka tatu? Fungua tatu, zilipie tatu, hama dirisha kwa mkono wako. Ndiyo, utachoka. Na kabla ya yote soma masharti ya mchezo wako, kwa sababu hata mchezo wenyewe hujatuambia ni upi.

Ulikuwa umeuliza pia RAM na bando, nafikiri. Wakuu wengine watakusaidia. Mimi nangoja jibu moja tu: hela umeshatuma au bado?