Cheddar imeota ukungu: nikate au nitupe?

Dada yangu, umesema kipande cha cheddar ulichokisahau kwenye friji kimeota ukungu wa kijani pembeni, na shemeji anataka kitupwe chote. Mwambie asubiri. Cheddar ni jibini ngumu, haina maji mengi, kwa hiyo ukungu hauzami mbali. Kata palipoota pamoja na kama sentimita 2.5 kuzunguka na kwenda chini. Kisu kisiguse ukungu wenyewe, la sivyo utaupaka kwenye sehemu nzima. Usikwangue juu juu kama mtu anayetoa ukoko kwenye sufuria! Kilichobaki kifunge kwa karatasi mpya.

Ingekuwa jibini laini ya kupaka, au ile iliyokwisha kunwa, ningekuambia tupa yote bila huruma, maana humo nyuzi za ukungu hupenya usizione, na bakteria wanaweza kuwa wameshaingia. Wala usiinuse kupima, vumbi la ukungu si zuri kifuani.

Roquefort, jibini ya Wafaransa yenye ukungu wa buluu, ni habari nyingine: ukungu huo hupandwa makusudi. Mimi harufu yake ilinishinda.