Programu ya stoki ya zamani inakataa kwenye Windows 11

Yaya, unasema programu ya stoki ya depo yenu pale Kadutu ilienda vizuri miaka yote kwenye Windows 98, na mashine mpya ya Windows 11 inakujibu tu kwamba haiwezi kufunguka kwenye PC yako. Usiisakinishe tena mara ya tano. Programu nyingi za enzi ile ni za biti 16, yaani ziliandikwa kwa ajili ya kompyuta za zamani, na Windows ya biti 64 haina kabisa sehemu ya kuziendesha. Ile "Compatibilité" uliyobonyeza, ya kuiga Windows ya zamani, inafaa zaidi zile za biti 32 za wakati wa Windows XP.

Kama ni ya DOS, mfumo wa kabla ya Windows, ile ya skrini nyeusi na kutembea kwa mishale, weka DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, ni ya bure. Programu yangu ya faktire iko humo: naandika mount c c:\stoki, halafu c:, halafu jina la programu, basi. Kutoa karatasi kwenye printa tu ndiko kulinisumbua wiki nzima!

Ikiwa ina madirisha, yaani ni ya Windows, tumia VirtualBox, programu inayotengeneza kompyuta ya kuigiza ndani ya yako, na uweke XP ya biti 32 ndani yake. Ila kwanza nakili data yote kwenye flashi, umeme wa Bukavu unaujua.